Shuka Ndani ya Pipa la Unga

Shuka lilikuwa jeupe, jipya, hata mikunjo ya dukani ilikuwa bado ipo, na lilikuwa limefichwa ndani ya pipa la unga. Mwanvita alilitoa, akalikung'uta, akaliangalia vizuri. Halikuwa sanda. Sanda ya mama yake ilikuwa kabatini tangu mwaka juzi na kila mtu nyumbani aliijua. Hili lilikuwa la mtu mwingine.

Alilirudisha palepale, akasawazisha unga juu yake. Tangu siku hiyo hakumwamini tena mama yake.

Tuseme ukweli, Bibi Hafidha hakuwa mtu wa kufichaficha mambo. Matombo nzima ilimjua. Alikuwa na wajukuu, magoti mabovu na umri wa kutulia, lakini mgonjwa akibebwa kwa machela kushushwa zahanati, yeye ndiye aliyetangulia na panga kufyeka njia. Hakulipwa hata chumvi. Ujanani ndipo alipozidi. Mwaka wa mvua kubwa alijifunga kanga kiunoni, akavuka mto uliofurika kwenda kuwasaidia wajawazito waliokwama ng'ambo, akapotea msimu mzima, akarudi na Mwanvita mgongoni. Mwanvita aliipenda hadithi hiyo. Mama yangu alinizaa kazini, alizoea kujigamba.

Mkono wazi wa mama yake ndio uliomtia hofu. Bibi alishagawa blanketi, mbuzi, hata viatu alivyovaa. Kilichobaki ni shamba la ukoo, migomba na pilipili manga, ambalo kwa Waluguru hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanvita hakuwa na kingine. Mume alishaondoka zamani, na watoto wake walikula kutokana na shamba hilo, walisoma kutokana na shamba hilo, na hapo ndipo wangejenga.

Na sasa kulikuwa na Editha. Msichana huyo, yatima, alikuja kujitolea zahanati, akamganda Bibi kama kupe. Alimpakia kwenye pikipiki, wakapanda mlima, bibi kizee akicheka kila waliporuka jiwe. Tena alimwita mama. Neno hilo lilimchoma Mwanvita kila alipolisikia.

Siku za karibuni safari zao zilielekea mahali pamoja tu, kwa Mzee Sufiani, kaka yake Bibi, ambaye ndiye mndewa, mkuu wa ukoo. Mwanvita alipouliza, aliambiwa mjomba anajuliwa hali. Mjomba alikuwa mzima wa afya. Jana yake tu watu walimwona juu ya mfenesi akiangua mafenesi.

Ijumaa baada ya sala, Bibi alijitanda kanga mpya, akachukua mfuko wake. Mwanvita alikwenda kuchungulia pipani. Shuka halikuwamo.

"Twende wote, mama," alisema.

"Hapana. Baki na wajukuu wangu. Kuna jambo liko jikoni, likiiva nitamtuma Editha akufuate."

Akamshika shavu, jambo ambalo hakulifanya tangu binti huyo alipoolewa. Mwanvita aliona hata hilo ni la kumlaghai.

Pikipiki ilipopotea kwenye kona, aliwaacha watoto kwa jirani, akapanda kwa njia ya mkato. Alifika kwa mjomba akihema, akajibanza nyuma ya ukuta wa baraza. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Editha alikuwa miguuni pa Bibi, amelipakata shuka.

"Dada yetu hajaficha kitu," Mzee Sufiani alikuwa akisema. "Mtoto huyo hakutoka tumboni mwake. Anaomba tumfunike shuka, awe wa kwetu, na shamba liwe lake. Mmoja wetu akikataa, jambo limekufa. Sisi wengine tumeridhia. Mzee Dadi, umebaki wewe."

Mzee Dadi alikuna kidevu, akawa kama anayetaka kuitikia kwa kichwa. Mwanvita hakusubiri. Alitokeza barazani, akawaamkia wazee shikamoo kama inavyopasa, ila kwa hasira.

Bibi Hafidha alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia.

"Mwanangu, nakuomba. Nyamaza. Toka nje kwanza."

"Nimenyamaza vya kutosha, mama." Mwanvita aliwageukia wazee. "Wema wa mama yangu naujua, ndio ulionilea. Lakini ardhi si blanketi. Asiyetoka tumboni mwa mwanamke wa ukoo huu hana udongo hapa, hata akiitwa mwana maisha yake yote. Mkimpa huyo, bibi zetu waliolala chini hawatatusamehe."

Bibi alijifunika uso kwa kanga mpya. Editha alimtazama Mwanvita, macho yamejaa machozi, na kilichomuudhi Mwanvita zaidi ni kwamba msichana yule alionekana kumwonea huruma.

Mzee Dadi alishusha pumzi.

"Nilikuwa nakubali," alisema. "Lakini aliyosema huyu ni haki, siwezi kuyaruka. Mimi nimekataa."

Mwanvita alifurahi mno. Shamba limepona, watoto wake wamepona. Aliinama kulinyakua shuka mapajani mwa Editha, lakini mjomba wake aliwahi kulichukua. Mzee Sufiani alilikunja polepole, akamwekea dada yake magotini.

"Umesikia, Hafidha," alisema. "Ulituomba tumpokee Mwanvita, na Mwanvita mwenyewe amekataa."