Bahili wa Kamachumu

Ephrasia aliirudisha kilo ya sukari juu ya kaunta na kumwambia Zahoro kwamba hanunui tena kwake mpaka atakapowalisha wafanyakazi wake.

"Siwezi kulisha watu na kujaza duka kwa pamoja," Zahoro alijibu, akaimimina sukari guniani.

Sukari yenyewe haikuwa na kasoro. Zahoro alikuwa na maduka matatu, Bukoba mjini, Muleba na hapo Kamachumu, na kote mizani yake ilisema kweli na mchele haukuwa na mawe. Tatizo lilikuwa wauzaji. Walikonda mno, na kila mtu alijua sababu, maana Zahoro hakuificha. Lori lake likishafika tu, alimfokea muuzaji wa hapo, barabara nzima imsikie: "Masalu, unatafuna nini tena? Utanifilisi!"

Miaka ile ya UKIMWI, ugonjwa tuliouita Juliana, muuzaji akikonda katika duka lingine lolote, wateja walihama kabla ya jioni. Kwa Zahoro hawakuhama. Walimpa Masalu pole, wakamlaani tajiri wake, wakanunua.

Ephrasia aliona hiyo ni aibu. Akawashawishi wanawake wenzake wasusie duka, na kweli wakasusia. Masalu alimfuata nyumbani, anahema kwa kupanda kilima.

"Mama, nakuomba, waache wanunue. Duka likifungwa, mimi nani atanichukua?"

"Amekutuma huyo bahili."

"Hajanituma. Ni mtu mwema, mama."

Ephrasia alimhurumia sana. Mtu akizoea kuonewa, alifikiri, huishia kumsifu anayemwonea.

Kisha binti yake Getruda akarudi kutoka Bukoba. Alikuwa ameachishwa kazi hotelini. Gauni lilimpwaya, na majirani waliozoea kuingia bila hodi sasa walisalimia wakiwa njiani. Ephrasia alizunguka naye kumtafutia kazi, na kila mahali wakaambiwa nafasi zimejaa. Likabaki duka moja. Ilimuuma, lakini aliingia.

Zahoro alimtazama Getruda kwa muda mrefu. Halafu, kwa mara ya kwanza, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Aanze kesho. Chakula kipo stoo, atakula na Masalu. Samaki kila siku, na maziwa. Akichoka, kuna kitanda."

Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama mlangoni, wakishangaa Ephrasia anatafuta nini humo. Zahoro akaipiga kaunta kwa kiganja.

"Na huyu naye nikimkuta anatafuna, namfukuza!"

Ephrasia alimtazama Zahoro, akawatazama wanawake. Machozi yalimjia, akayameza.

"Waitu, jamani, mmemsikia?" alisema kwa sauti. "Mtaona atakavyomkondesha mwanangu."