Kipande cha Pindoni

Siku hizi kila mtoto hupewa chombo cha angani cha kuchezea, vipande vipande, akiunde mwenyewe. Akikikamilisha, kinawaka taa, naye huchukuliwa akawe rubani huko juu, wala harudi. Ndiyo maana mama wote mtaani kwetu huficha kipande kimoja. Msinihukumu. Cha binti yangu Tunu nilikifunga kwenye pindo la kanga.

Leo adhuhuri nilimkuta mkekani, anapuliza vumbi la kigae cha kifuu cha nazi. Akakipachika mkiani mwa chombo. Taa ikawaka, samawati, chumba kizima kikawa kama kinaelea.

“Mwanangu, hicho umekitoa wapi?”

“Nimekichonga, mama. Hicho cha pindoni baki nacho, uwe unanikumbuka.”