Kabla Hajawa Kibudu

Kompyuta ilikuwa bado inatafuta. Katika maabara moja ya Gitega, Riziki aliifinya simu hadi kiganja kikatota jasho. Ng'ombe wa baba yake kule Muyinga alikuwa ametupa mimba, na sasa yu hoi. Vinasaba vya kirusi kilichopatikana katika damu yake vilikuwa vikilinganishwa na mamilioni ya vingine, ambavyo wataalamu wa dunia nzima wameviweka wazi mtandaoni.

Jibu likajitokeza: homa ya Bonde la Ufa.

Maradhi hayo humwingia mtu kwa damu ya mnyama.

Akampigia mama yake.

“Mama, ng'ombe asichinjwe! Asiguswe kabisa!”

“We Riziki, si ungepiga mapema? Alishaanza kukoroma. Tungemwacha afe awe kibudu, nyama yote itupwe? Baba yako amemwahi.”

“Baba yuko wapi?”

“Yuko hapa uani, ananyonya kidole. Kisu kimemparuza kidogo tu.” Mama akacheka. “Anakusalimu sana.”