Mabakuli Manne

Brashi ya chokaa ilikuwa imebakiza shubiri moja tu ifike kwenye yale maandishi ya mkaa, Giok-lan alipomdaka mkono mke wa mwanawe.

"Hapo acha."

"Mama naye! Kila mwaka mwakani, mwakani. Mungu wa jiko keshapanda mbinguni, mwaka mpya huo unabisha hodi, sasa tusafishe lini? Au masizi nayo ni ndugu zako?"

Miaka arobaini nyuma jiko hili lilikuwa la mgahawa, na mabaharia wa bandari ya Kaohsiung walimwita Ama, yaani bibi, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Mchana mmoja wa mvua, wanne kati yao waligundua kwamba neno hilo kila mmoja analo kwao kwa maana nyingine, wakagombania mkaa waandike ukutani. Mfilipino akaandika: baba. Mbaski: mama. Mjapani: mwanamke mpiga mbizi. Kijana wa Mombasa akaandika chini kabisa kwamba kwao ni "au" tu, wenzake wakamcheka mpaka tambi zikapoa. Wiki ile ile meli zao zikang'oa nanga, wala hakupata habari zao tena.

Giok-lan alipitisha kidole juu ya neno la mwisho. Kikatoka cheusi.

"Haya, paka. Ila kwenye chakula cha mkesha ongeza mabakuli manne."

Mke wa mwanawe akashusha brashi. Nyumbani mwao, bakuli la aliye safarini huwekwa mezani. La marehemu, madhabahuni.

"Niyaweke wapi, Mama?"

Giok-lan alikitazama kidole chake.

"Mezani. Na la huyu wa chini, lijaze tambi."