Umio wa Mama Riziki

Kila kamera ilipoonyesha umio wa mgonjwa kwenye skrini, madaktari wachanga walimsubiri Daktari Nzaro, mkongwe wao, aseme kwanza. Akisema vidonda ni vikali, wote waliona vikali. Yeye aliita huko kujifunza.

Jioni moja aliwataka waanze wao. Akaweka picha ya Mama Riziki, iliyopigwa asubuhi. Mbogo akasema vidonda ni vikali, mama alazwe. Mwenzake hakuona kidonda hata kimoja. Salha akasema ni vidogo tu.

Daktari Nzaro aliisogelea skrini. "Vikali," akasema. "Salha, hivi wewe umesomea wapi?"

Salha aliinamisha kichwa. "Samahani, daktari. Asubuhi ulisema vidogo. Tukampa vidonge, akarudi kwao."

Nzaro alitazama tena. Akaona vikali. Akafumba macho, akayafumbua, akaona vidogo.

"Kweli, ni vidogo," Mbogo akasema taratibu. Mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Katika chumba cha pili mgonjwa mwingine alikuwa ameshalazwa kwa ubavu. Nzaro alipoingia, mpira wa kamera mkononi, mgonjwa alimtazama kama mtu aliyefika mahali salama, akafungua kinywa.