Shubiri Isiyo na Shina

Mpelelezi alikibwaga kiatu mezani, tope na yote, katikati ya darubini na karatasi za kukaushia majani.

"Dokta, nitazamie huu mmea. Umenasa kwenye soli."

Mtaalamu wa mimea alivaa miwani. Jani hakuligusa. Alikigeuza kiatu, akaganda akitazama kisigino kilicholika upande mmoja.

"Mmea uko huku, Dokta," mpelelezi alitania. "Hicho nitampelekea fundi viatu."

Dokta hakucheka.

Mpelelezi akamweleza. Binti wa miaka tisa, leo siku ya tatu hajulikani aliko. Mshukiwa ni mmoja, mwenye kiatu hiki, kijana aliyeonekana naye sokoni, naye kafunga mdomo. Hata jina lake hataji.

"Kama hii ni shubiri ya kawaida, ile ya kila ua, sina kitu. Jioni namwachia."

"Amekula?"

"Nani?"

"Huyo kijana."

"Mimi namwaza mtoto, Dokta. Huyo shauri yake."

Dokta akashika kibano, akakichomoa kichipukizi kisichozidi kiganja.

"Haina shina," alisema. "Majani yameanzia mzizini. Madoa meupe, meno mekundu ukingoni. Hii si ya uani, afande. Huota kivulini, kwenye mawe ya chokaa, na mimi napajua mahali pamoja tu: machimbo ya zamani, juu ya tanuri la chokaa lililozibwa."

"Nani mwingine anapajua?"

"Mmoja. Nilimfundisha mwenyewe." Alivua miwani. "Unangoja nini? Kimbia!"

Saa kumi alasiri polisi walibomoa mlango wa tanuri. Binti alikuwa amejikunja gizani, midomo imepasuka kwa kiu. Lakini alikuwa anapumua.

Jioni Dokta alifika kituoni kutia saini maelezo yake, mkononi kabeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Akaomba kumwona mshukiwa. Siku hiyo mpelelezi asingemnyima kitu. Akampeleka mwenyewe hadi mahabusu.

Kijana aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, alifungua kinywa.

"Kiatu ulininunulia mwenyewe, mama. Ulikijua, na bado ukasema."

Dokta alichuchumaa, akalisukuma bakuli chini ya nondo.

"Kula, mwanangu. Radhi sikuombi."