Kiti cha Mzee Ndolo

"Shika!" Mueni alipaza sauti kutoka chini ya lori.

"Nimeshika," baba yake, Mzee Ndolo, akajibu kutoka juu kwenye usukani.

Mueni akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye gurudumu la nyuma. Mafuta ya breki yalipaswa kuruka kwa nguvu. Yalichuruzika tu kivivu, yakaingia kwenye chupa bila povu hata moja.

Akaikaza tena. "Achia. Inasemaje sasa?"

"Hakuna kitu, mwiitu, binti yangu. Ni kama nakanyaga pamba. Hairudishi."

Ilikuwa mara ya tano tangu asubuhi. Wiki mbili zilizopita Mzee Ndolo alilalamika kwamba pedali imekuwa laini, na Mueni akambadilishia masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, mpya kabisa, akaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya tatu lori likamshinda mzee kwenye mteremko wa Kola. Liling'oa ua wa jirani yao Kalekye na kusimama kwenye tangi la maji, mahali watoto walipokuwa wakichota dakika chache tu kabla. Tangu siku hiyo Mueni hakupata usingizi wa maana. Akifumba macho aliwaona watoto wale na ndoo zao.

Na kesho lori hilohilo lilikuwa libebe kwaya ya kanisa kutoka Kola hadi mjini. Watu thelathini kule nyuma, na mama yake akiwa mmoja wao.

Musili, mwenye gereji, akaja akichechemea. Mafundi wa paa wa jirani walikuwa wamemwaga misumari ya mabati uani, na mmoja ulikuwa umepenya kiatu chake asubuhi. Aliruka kwa mguu mmoja nusu ya uwanja akiwataja watakatifu wote, na gereji nzima ikapata kicheko cha siku.

"Mueni, hiyo silinda ulifunga kinyume ama? Kama umeshindwa sema, nilete mtu."

"Nimeangalia paipu zote. Hakuna mahali inavuja. Mafuta haipungui."

"Basi breki imeenda wapi?"

Mueni akaigeuzageuza spana mkononi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mzee Ndolo akachungulia dirishani. "Wachana na msichana wangu, anajua kazi. Mimi ndio nasikia hii gari."

Na kweli, kama kuna mtu wa kulisikia, ni yeye. Kwa miaka thelathini aliliendesha peku. Viatu, alisema, ni vya kuendea kanisani. Breki husikika kwa mguu mtupu. Wala hakuna mwingine aliyewahi kuikanyaga pedali ile. Nyumbani kwao Kola mtoto hakalii kiti cha baba, afadhali asimame mpaka magoti yaume, na kiti cha lori kilikuwa chini ya sheria hiyohiyo. Baba alikanyaga na kusema. Mueni alilala chini akamsikiliza. Ndivyo walivyofanya kazi tangu siku aliposhika spana.

Mzee akashuka. "Pumzika kidogo, nituletee chai. Yako waweke sukari ngapi?"

"Mbili, Baba."

"Wewe una bahati. Mimi daktari alininyima tangu anipime kisukari."

Akaenda zake kibandani, peku vilevile, akiimba wimbo wa kwaya.

Mueni akabaki akiitazama ile spana. Alitaka kulia. Kama asingelipata kosa leo, angewaambia nini watu wa Kola? Na asipowaambia, wakapanda? Akakitazama kiti cha baba yake, kitambaa kilichofumwa na mama kikiwa bado na umbo la mgongo wa mzee. Akatazama kibandani. Kisha akajifuta mikono kwenye ovaroli, akapanda, akaketi. Aliketi ukingoni, kama mwizi.

Akakanyaga.

Pedali ilishuka kidogo, ikagoma. Akaongeza nguvu, ikagoma. Akaikanyaga kwa miguu yote miwili, akishika usukani na kujiinua kitini, nayo haikusogea hata kidogo. Breki zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima tangu siku alipoifunga ile silinda. Furaha ikamjaa kifuani, akataka kumwita Musili aje ajionee.

Alipoondoa mguu aliona kiatu chake kimelowa. Aliinama kutafuta mafuta yanapovuja. Hayakuwa mafuta. Raba ya pedali ilikuwa na damu mbichi.

Akainua kichwa. Baba yake alikuwa akirudi na vikombe viwili, wima, akitabasamu, bila kuchechemea hata kidogo. Nyuma yake vumbi lilikuwa na madoa mekundu mpaka kibandani, na kila alipotupa mguu wa kulia mbele, kichwa cha msumari wa bati kilimetameta chini ya wayo wake.